Mtupime Tukiwa Tumesimama: Risala ya Wenye Kutetemeka wa Zuzu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mganga Mkuu wa Jiji na wataalamu wa afya mlioambatana,
Wenyeviti wa mitaa, viongozi wa dini, wazee wetu na ndugu wananchi,



Kwa desturi risala husomwa na mtu aliyesimama. Hii inasomwa na mtu aliyekaa, na tunaomba jambo hilo lisichukuliwe kuwa ni utovu wa adabu. Mwenzetu anayeisoma akisimama hatamaliza kuwataja wageni wote. Mapaja yataanza kumtetemeka kwa ndani, atatanua miguu, atahamisha uzito mguu huu na ule, kisha atatafuta meza ya kushika. Nanyi mtadhani anaogopa kusoma mbele ya wakubwa. Mtakuwa mmedhani kama walivyodhani wengi kabla yenu, wakiwamo waliosomea udaktari, na hilo ndilo lalamiko lililotukutanisha.

Sisi ni wakazi wa Zuzu na maeneo ya jirani tunaotetemeka, pamoja na ndugu wanaotuuguza. Hatuna chama kilichosajiliwa, hatuna muhuri, wala hatukuja kuchangisha. Wala hatuugui ugonjwa mmoja. Yupo mzee mwenye Parkinson, ambaye mkono humcheza akiwa ameupumzisha pajani. Yupo ambaye kikombe cha chai humwagika kabla hakijafika mdomoni, na baba yake alikuwa hivyo hivyo. Yupo aliyepoteza hisia za nyayo kwa kisukari, akitembea usiku anayumba. Na yupo mmoja, mama mkulima wa zabibu mwenye umri wa miaka hamsini na ushee, ambaye mtetemo humshika akisimama tu. Ndiye anayewasomea. Habari zake ni ndefu kuliko zetu wengine kwa sababu zetu, hata zikichelewa, hatimaye huonekana. Zake hazikuonekana kwa miaka mingi, na hali alikuwa anakwenda kupimwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugonjwa wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Mtu akilala, hana kitu. Akikaa, hana kitu. Akitembea, anatembea vizuri tu. Akisimama wima mahali pamoja, baada ya sekunde chache au dakika hivi, misuli ya miguu na kiwiliwili huanza kutetemeka mara 13 hadi 18 kwa kila sekunde. Mtetemo wa Parkinson huenda mara 4 hadi 6, ndiyo maana mtu wa kawaida huuona akiwa upande wa pili wa barabara. Huu wa kusimama ni wa kasi mno, jicho haliuoni mguu ukirukaruka. Likibahatika, huona ngozi ya paja ikienda vimawimbi. Na mgonjwa mwenyewe aghalabu hasemi kwamba anatetemeka. Husema "naona kama naanguka", au "miguu hainishiki", au "ardhi haitulii". Tabibu akisikia hayo huandika kizunguzungu, na kuanzia hapo kila kipimo kinatafuta kitu ambacho hakipo.

Madaktari wa Italia waliueleza mwaka 1970. Jina linalotumika hadi leo katika vitabu vya tiba lilitoka mwaka 1984 kwa Kenneth Heilman, daktari wa mishipa ya fahamu wa Florida, Marekani, aliyeandika habari za wagonjwa watatu. Watatu tu, na dunia ikamwelewa. Tangu hapo imejulikana kwamba huwaanza zaidi watu wa miaka ya 50 na 60, kwamba wanawake ni wengi kuliko wanaume, na kwamba hata katika nchi zenye madaktari bingwa kila mji mgonjwa huzunguka miaka kadhaa kabla ya kuambiwa anaumwa nini. Sisi tunauita mtetemo wa kusimama, mpaka wataalamu watuletee jina bora.

Ni ugonjwa adimu. Hatukuja hapa kudai kwamba Zuzu imejaa watu wa namna hii, wala hatutaki kesho redio itangaze mlipuko. Tunachosema ni kwamba mtu mmoja anatosha kuonyesha kasoro ya namna tunavyopimwa sote.

Kasoro hiyo ni hii: tunapimwa tumekaa. Hatutaji kituo wala mtumishi, maana mtindo ni mmoja kila tulikopita, na waliotuhudumia wengi wao walikuwa watu wema waliozidiwa na idadi ya wagonjwa. Mgonjwa yuko nje kwenye foleni, anahangaika, anaegemea ukuta, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba ili apate sababu ya kuchuchumaa. Jina lake linaitwa. Anatembea mpaka ndani, na kwa kuwa kutembea hakumsumbui, anaingia kama mtu mzima. Anaambiwa karibu mama, kaa. Anakaa, na mtetemo wote unaishia hapo hapo. Daktari anapima presha, anasikiliza moyo, anapiga goti kwa kinyundo kama kinyundo kipo, anaagiza kipimo cha sukari na cha malaria. Kila kitu kizuri. Ukarimu wa kiti ndio umeficha ugonjwa.

Mwenzetu alipewa majina mengi ya ugonjwa wake. Presha ya kushuka. Umri. Kukoma hedhi. Upungufu wa damu, ambao kipimo kilikuwa kimekwisha kuukanusha. Mahali pamoja aliulizwa kwa sauti ya chini anakunywa kiasi gani, maana mama anayelima zabibu akitetemeka miguu, jibu la haraka ni mvinyo. Mvinyo haunywi. Zabibu zake huenda kwa mnunuzi zikiwa ndani ya kreti, basi.

Kisha likaja neno wasiwasi. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu limeumiza zaidi ya mengine. Hatuidharau afya ya akili. Dodoma ina hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe tangu enzi za Mwingereza, na familia nyingi za mkoa huu zina ndugu aliyerudi kutoka pale akiwa na nafuu. Tunacholalamikia ni mtu kuelekezwa huko bila kusimamishwa hata dakika mbili. Na ipo hoja ya kitaalamu ambayo tunashangaa haitumiki: hakuna binadamu anayeweza kwa hiari yake kutikisa msuli mara 15 kwa sekunde. Jaribuni hapo mlipokaa. Anayejifanya, au ambaye mwili wake unatetemeka kwa mfadhaiko, mtetemo wake huwa wa polepole zaidi, hubadilika kasi, na mara nyingi hupungua akishughulishwa na jambo lingine. Huu haubadilishi kasi yake hata ukimwambia mgonjwa ahesabu kurudi nyuma kutoka 100. Kama hofu ipo, na ipo, imekuja baadaye. Mtu anayehisi ataanguka kila anaposimama ataogopa kusimama. Cha ajabu ni kwamba wengi wao hawaanguki, hasa katika miaka ya mwanzo, hukaa kabla. Basi na hilo nalo limetumika dhidi yao: mbona huanguki?

Wengine walimpeleka kwa waganga, na kanisani aliombewa. Hatuna la kumlaumu yeyote. Mtu asiyepewa jibu hospitalini ataulizia kwa jirani.

Maisha yenyewe yanakuwaje? Tunataja machache. Kazi ya zabibu ni kusimama mbele ya mzabibu mmoja, kukata, kusogea hatua moja, kusimama tena. Wakati wa kupogoa mwenzetu huvuta ndoo iliyopinduliwa na kuikalia kila shina, na vibarua humcheka. Bombani humtuma mtoto. Kwenye daladala ya kwenda mjini, akikosa kiti huteremka. Ibadani, waumini wanaposimama kukiri imani, yeye hubaki chini na kuinamisha kichwa ili aonekane anasali. Msibani hasimami kwenye mstari wa kuaga. Kwetu kusimama ni adabu, na asiyesimama ana kiburi. La kushangaza ni kwamba jiko la mafiga na kigoda, ambalo watu wa maendeleo wanatusihi tuliache, ndilo lililomsitiri: anasonga ugali akiwa ameketi. Jiko la kisasa la kusimama lingemshinda ndani ya wiki moja.

Na hospitali, mahali pa kumsaidia, ndiko anakosimamishwa kuliko mahali popote. Foleni ya kadi, foleni ya kuonana na daktari, foleni ya maabara, foleni ya malipo, foleni ya dirisha la dawa. Serikali ilitunga Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na leo vituo vingi vina dirisha la wazee wa miaka 60 na kuendelea na tangazo la kuwapisha. Tunashukuru. Lakini huyu hajafika 60, hana gongo, hana bandeji, na ameonekana na macho ya watu wote akiingia getini kwa mwendo wa haraka. Akiomba apishwe, huulizwa ana nini. Aseme nini? Hata yeye hakuwa akijua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tufike kwenye lililo la bei rahisi, na tunaomba wataalamu mlioambatana waandike. Kuutambua ugonjwa huu hakuanzi na mashine. Kunaanza na swali moja: shida inakuja ukiwa umefanya nini? Mgonjwa akijibu "nikisimama tu, nikitembea inakwisha, nikikaa inakwisha", tayari umeshika ncha ya uzi, kwa sababu magonjwa mengi ya mizani huenda kinyume. Mwenye kisukari cha miguu, hasa gizani, au mwenye tatizo la ubongo mdogo huzidiwa akitembea. Mwenye Parkinson huburuta hatua. Mwenye mtetemo wa kusimama hupata nafuu kwenye hatua ya kwanza.

Kisha msimamishe. Avue viatu, apandishe nguo juu ya magoti mbele ya muuguzi wa kike kama ni mwanamke, asimame miguu ikiwa pamoja, bila kushika kitu, na mtu akae karibu asije akaanguka. Mpe dakika mbili au tatu, usimharakishe. Wengine huanza papo hapo, wengine hukawia. Tazama vidole vya miguu vikikunjwa kushika sakafu, miguu ikitanuka yenyewe, mtu akianza kukanyaga papo kwa papo kama askari aliyechoka gwarideni. Mwambie atembee uone kama inakwisha. Mwambie asimame tena, halafu aegemee ukuta uone kama inapungua. Na kama una msaidizi mwenye nguvu na mgonjwa mwepesi, mnyanyueni kidogo miguu iache sakafu: mtetemo hukoma. Mgonjwa akiegemeza uzito wake kwenye mikono, kwa mfano akipiga magoti na kuweka viganja chini, unaweza kuupata mikononi.

Halafu weka kiganja kwenye paja au kwenye shavu la mguu. Pale ambapo jicho halikuona, mkono husikia mvumo mwembamba chini ya ngozi.

Na mwisho weka stetoskopu juu ya msuli huo huo. Hili ndilo lililotushangaza kuliko yote tulipolisikia. Mwaka 1995 daktari Peter Brown wa London alieleza katika jarida la Lancet kwamba ukisikiliza misuli ya miguu ya mgonjwa huyu akiwa amesimama, unasikia mlio wa helikopta iliyo mbali. Mgonjwa akikaa, helikopta inaondoka. Stetoskopu ilibuniwa Paris mwaka 1816. Ipo shingoni mwa kila tabibu wa nchi hii. Hakuna rufaa inayohitajika, hakuna umeme unaohitajika, hakuna kitendanishi cha kuagiza. Kinachohitajika ni kuishusha kutoka kifuani hadi pajani.

Mwenzetu alitambuliwa hivyo hivyo. Tabibu kijana, aliyetoka chuoni karibuni, alimkuta amechuchumaa kwenye korido na badala ya kumwambia aingie akae, alimwambia asimame. Hatumtaji kwa sababu hakutaka. Yuko tayari mwenzetu, leo, baada ya shughuli hii, aingie chumbani na wataalamu watakaotaka kusikia kwa masikio yao. Hilo anajitolea kulifanya bila malipo, na ameomba tuseme kwamba stetoskopu iwe imepashwa joto.

Tunajua mkono na sikio havitoi neno la mwisho. Neno la mwisho ni la kipimo cha umeme wa misuli, kinachoandika kasi ya mtetemo na kuonyesha kwamba misuli ya miguu yote miwili inakwenda kwa mpigo mmoja. Wageni wetu, mmepita mkaona nyaya na minara ya kituo cha kupoza umeme cha Zuzu. Umeme mwingi wa nchi hii unapita juu ya vichwa vyetu ukienda kwingine. Umeme wa misuli yetu ndio haujapata wa kuupima. Watafiti wameshaonyesha kwamba hata simujanja iliyofungwa mguuni inaweza kusoma kasi hiyo kwa kihisi chake cha mwendo. Si mbadala wa kipimo kamili, lakini inatosha kumwambia daktari bingwa kwamba anayeletwa si mtu wa kurudishwa nyumbani na dawa ya maumivu.

Wala hatutaki kila anayeyumba aitwe jina hili. Hilo lingekuwa kosa lile lile kwa upande wa pili. Kabla ya lolote, mgonjwa apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika 3: ikishuka kwa 20 upande wa juu au 10 upande wa chini, tatizo lake ni lingine na lina tiba yake. Aulizwe dawa anazotumia, kwani zipo dawa za kuzuia kutapika, za kifafa na za magonjwa ya akili zinazoleta kutetemeka, na hata dawa ya pumu. Atazamwe tezi ya shingo, apimwe sukari. Akikutwa na ugumu wa viungo na wepesi wake umepungua, mtetemo wa kusimama unaweza kuwa ni mlango wa Parkinson, na huo kwa kawaida huwa wa kasi ndogo zaidi. Mguu uliokakamaa na goti linaloruka kwa nguvu likigongwa vinaelekeza kwenye uti wa mgongo. Mambo haya yote tabibu wa kijijini anayafahamu. Yanahitaji tu mgonjwa awe amesimama.

Mtu anaweza kusema haya ni makubwa kwa zahanati. Nchi hii imefanya makubwa zaidi kwa macho na miguu. Mwaka 1985, ukame ulipoibana Tarime na watu wakala muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo, watu walipooza miguu ghafla. Ugonjwa ni konzo, na waliouchunguza kule, Dkt. William Howlett wa hospitali ya KCMC na wenzake wakiwamo Watanzania, waliutambua kwa kuwatazama watu wakitembea na kukimbia na kwa kugonga magoti yao. Mpaka leo sharti la kwanza la kuutambua ni mwendo wa mgonjwa. Howlett baadaye aliandika kitabu kizima cha magonjwa ya mishipa ya fahamu barani Afrika, kilichotoka mwaka 2012 na kinachopatikana bure. Kabla ya hapo, huko Mahenge, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwe, aliwaangalia watoto wenye kifafa waliokuwa wakitikisa vichwa kama wanaosinzia, akaandika alichokiona. Ilichukua miongo kadhaa kabla dunia haijaanza kuuliza habari za ugonjwa wa kutikisa kichwa huko Sudan Kusini na Uganda. Wazazi wa Mahenge walikuwa wameusema zamani.

Na mfano ulio karibu zaidi nasi ni Hai, Kilimanjaro. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071 wakitafuta wenye Parkinson. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipatikana 33. Asilimia 78 kati yao hawakuwa wametambuliwa kabla. Parkinson, ugonjwa ambao kila mtaa una mzee anayeutaja kwa jina lake au kwa jina lingine, ambao mkono hucheza hadharani! Kama huo ulikuwa umejificha hivyo chini ya mlima wenye hospitali ya rufaa, huu usioonekana mtu akikaa unaonwa na nani kwenye nyanda zetu hizi kavu?

Kuhusu matibabu tusiwadanganye wenzetu waliokuja kutusikiliza. Ugonjwa huu hauui, na hauponi. Dawa inayojaribiwa kwanza ni klonazepamu; wengine hupewa gabapentini. Baadhi hupata nafuu nzuri, wengi hupata nafuu kidogo, wengine hawapati. Klonazepamu huleta usingizi, na mwili huizoea, na mzee akiinywa bila kuangaliwa anaweza kuanguka kwa sababu ya dawa wakati hakuwa akianguka kwa ugonjwa. Kwa hiyo hatuombi igawiwe ovyo. Katika nchi nyingine wagonjwa wachache waliozidiwa huwekewa waya ndani ya ubongo; hilo tunalitaja ili lijulikane, hatujafika huko. Kilichomsaidia mwenzetu kuliko kidonge ni kuambiwa. Aliacha kunywa dawa tatu ambazo hazikuwa zake. Alinunua kigoda cha kukunja anachokibeba begani. Na mume wake, ambaye miaka yote alikuwa kimya, alisema mbele ya majirani kwamba mke wake hakuwa akijifanya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madai yetu yanafuata, na tumeyaita madai kwa makusudi, ingawa tulishauriwa tuyaite maombi.

Tunadai kwamba kila mgonjwa anayelalamikia mizani, kizunguzungu, au miguu kukosa nguvu, katika zahanati, kituo cha afya au hospitali yoyote ya Jiji la Dodoma, asimamishwe na kutazamwa kwa dakika mbili kabla hajaandikiwa chochote. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Jiji inaweza kulitoa hilo kwa waraka wa ukurasa mmoja. Tumejitahidi kufikiria gharama yake na hatukuiona.

Tunadai matabibu na wauguzi wafundishwe hilo kwa vitendo. Dodoma ina Chuo Kikuu kinachofundisha madaktari, ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Wanafunzi wa udaktari hufika vijijini kwa mafunzo ya jamii. Waje na Zuzu, watukute nje, wasitukute kwenye viti. Sisi tutakuwa mwili wao wa kufundishia kwa hiari yetu, kila mmoja na mtetemo wake, wapate kuujua wa kupumzika, wa kushika kikombe na wa kusimama kwa siku moja.

Tunadai kuandikwa. Kwenye kitabu cha MTUHA, yaani cha kumbukumbu za takwimu za afya, cha wagonjwa wa nje mtu kama mwenzetu huishia kwenye mstari wa magonjwa mengine, na mwisho wa mwezi mstari huo haumwambii mtu yeyote lolote. Liwepo daftari, hata la shule, katika ngazi ya jiji, la kila mwenye mtetemo anayepatikana: aina yake, umri wake, anatoka kata gani. Bila hilo, mwaka ujao mtatuuliza tuko wangapi, na tutawajibu kwa kukadiria.

Suala la fedha hatuna budi kulisema. Kadi ya mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu 6 ilikuwa ikiilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, ilimfikisha mgonjwa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu na kipimo cha umeme wa misuli kwa kawaida hutafutwa juu ya hapo, na juu ya hapo mtu huuza mbuzi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tunadai kwamba kitita cha huduma kitakachomhusu mwananchi wa kawaida kisimsahau mwenye kutetemeka, na kwamba tutangaziwe wazi ni hospitali ipi kati ya zile za serikali yenye kipimo hicho na kinachofanya kazi, ili mtu asipande basi hadi Dar es Salaam kuuliza.

Tunadai viti. Mabenchi kwenye kila foleni, na namba za karatasi ili zamu ya mtu imngoje akiwa amekaa. Kwa vituo vya tiba tunataka litolewe agizo kwamba anayesema hawezi kusimama asiulizwe umri wala asitakiwe kuonyesha jeraha. Wajawazito na wenye vidonda vya miguu watafaidika kabla yetu.

Kwa viongozi wa dini tuna ombi dogo, na hili ni ombi kweli: mnaposema "tusimame", ongezeni "wanaoweza". Na kwa wenyeviti wa mitaa, mtu akikaa wakati wa Wimbo wa Taifa, muulizeni kwanza kabla ya kumkaripia.

Tungependa majibu ya maandishi, yapitie kwa Mtendaji wa Kata, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ambapo kila mtu anaweza kuyasoma, kabla ya mavuno ya zabibu ya mwezi Agosti. Kama yapo madai yasiyowezekana, tuandikiwe hivyo na sababu yake. La kusimamishwa dakika mbili hatutarajii kuandikiwa kwamba halikuwezekana.